Katiba Iliyogeuka Kikosi

Kila mmoja wenu ameniuliza mhadhara ulikwendaje, na kila mmoja nimemjibu "salama" kisha nikageuza mazungumzo. Haukwenda salama. Nimerudi Unguja na tende nyingi ambazo sikuziomba, na mhadhara ambao sikuumaliza popote, si Sur, si Nizwa. Basi nauandika huu mkasa mara moja, niusome pale kijiweni kwetu, na baada ya hapo asiniulize mtu.

Mwanzo mnaujua, maana mmeuchoka. Riwaya ninayoiandika ni ya Waingereza waliovuka bahari kwenda kujenga makoloni Marekani, na kila nikifungua mdomo juu ya mabaraza yao na hati zao, nyinyi hukumbuka kwamba mna pa kwenda. Bi Zuwena hakukumbuka pa kwenda. Alinisikia kwenye mtandao nikieleza jinsi katiba ya Wamarekani ilivyomea katika udongo wa Kiingereza, akanipigia simu kutoka Ibra, Omani, kwa sauti nyembamba na kali kama sindano. Kabla ya Mapinduzi alisomesha historia katika skuli moja ya mjini, na hadi leo ana hamu ya wafalme wa Kiingereza kama wenzake walivyo na hamu ya matunda ya shokishoki. Akanieleza kwamba ukoo wao una baraza la Kiswahili, wanaliita Alhamisi, na watu wamechoka kusikia mapishi tu. "Njoo utusomeshe, mwanangu."

Nikaenda.

Maskat hadi Ibra, dakika tano

Mjukuu wake, Hilal, ndiye aliyetumwa kunipokea uwanja wa ndege. Nilisimama mlango wa wanaofika mpaka wanaofika wakaisha. Yeye alikuwa amesimama mlango wa wanaoondoka, kwa sababu bibi yake alimwambia, "Mgeni anasafiri leo," naye akajua anayesafiri ni anayeondoka. Tulipoonana hatimaye, kila mmoja alikuwa amemkasirikia mwenzake kwa adabu.

Hilal ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa serikali, kanzu nyeupe iliyonyooka kama karatasi. Kiswahili chake ni cha kuokotaokota. Nilipomuuliza Ibra ni mbali kiasi gani, akasema, "Karibu, ukhti. Dakika tano." Halafu tukasimama kunywa chai ya maziwa iliyokolezwa iliki, tukiwa ndani ya gari, tukipiga honi ili mhudumu aje. Tukasimama kutia mafuta. Tukasimama kwa binamu yake mmoja ambaye hakuwapo, tukamngoja, akaja, akatulisha matunda na halwa na kahawa, na nilipodhani tumemaliza, ndipo likaletwa sinia la wali. Kila tulipoondoka mahali nilikuwa mzito zaidi, na Ibra ilikuwa bado dakika tano.

Milima ya huko haina jani. Imesimama pande zote mbili za barabara kuu, myeusi na myekundu, kama makaa ambayo mtu aliyazima jana na bado anayaogopa. Niliitazama nikatamani kuandika, lakini Hilal alitaka kujua nimekuja kusomesha nini.

"Katiba ya Marekani," nikamwambia.

Akanitazama kidogo kwenye kioo. "Katiba? Kubwa?"

"Si kubwa. Ukilinganisha na za wengine ni ndogo."

"Nani anaongoza yeye?"

"Hakuna anayeiongoza. Yenyewe ndiyo inayoongoza. Hata rais yuko chini yake."

Akapiga mluzi. "Hata rais," akarudia taratibu, na kwa mwendo mrefu uliobaki akawa kimya, amevutiwa. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimempata mwanafunzi wa kwanza.

Ibra, nyumbani kwa Bi Zuwena

Bi Zuwena alinipokea mlangoni, mdogo, mkavu, macho yakimeremeta. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijavua viatu akaanza kunisahihisha. Nilisema safari ilikuwa na changamoto nyingi.

"Changamoto ndiyo nini?" akauliza. "Maradhi?"

Nikamweleza kwamba ni matatizo, mambo magumu.

"Siku zetu tukisema taabu, na zilitutosha."

Hakukuwa na sentensi yangu iliyopita salama mbele yake. Shule ni skuli. Kikao ni baraza. Nilipomshukuru kwa mapokezi akaniuliza kama mimi ni rais hata nikafanyiwa mapokezi. Mimi niliyezaliwa Mkunazini, mwenye riwaya mbili zilizochapishwa, nikajikuta nanong'ona kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeogopa bakora. Kwa Hilal ndiyo usiseme. Alileta mkate, akasema, "Bibi, mkate hii moto," akaambiwa huu, una moto. Akaondoka, na kwa siku nzima sikumsikia tena akisema Kiswahili ndani ya nyumba ile.

Usiku wa kwanza, baada ya samaki na mkate wa kumimina, Bi Zuwena alinieleza kwa nini hasa ameniita. Wazee waliotoka Unguja wanakwisha. Vijana hawaji barazani, na wakija hukaa wakitazama simu. Hilal, ambaye ukoo umempa kazi ya kusimamia mikutano yote, amependekeza Alhamisi iwe ya Kiarabu, na wazee wa kiume wataamua Nizwa, mwisho wa wiki hiyohiyo. Kwanza ningesema Sur, halafu Nizwa. Kama vijana wangekuja na kukaa, Kiswahili kingebaki. Wasipokuja, basi.

"Na kikiondolewa?" nikamuuliza.

"Nitabaki hapa niseme na kuta," akajibu. "Kuta za Ibra hazijui Kiswahili, lakini hazinikimbii."

Nilitaka kumuuliza kwa nini, miongoni mwa mambo yote yanayoweza kuwaleta vijana, alichagua mabaraza ya Waingereza wa zamani. Sikumuuliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuja na mabaraza hayo ndani ya sanduku.

Ibra hadi Sur

Hilal aliandika mwaliko kwa Kiarabu akausambaza kwenye simu za ukoo mzima. Njia nzima simu yake ililia. Kushoto au kulia, sikumbuki vizuri, mchanga wa Bidiya ulikuwa umelala kama ngamia wengi waliogeuziana migongo, na kila nilipoanza kuufurahia simu ikalia tena. Watu wengi wanakuja, alisema. Vijana wengi. Hata wasio wa ukoo. Bi Zuwena alikaa mbele ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akawa kama msichana anayepelekwa sherehe.

Tulifika Sur upepo wa bahari ukinuka chumvi na papa mkavu, tukashushwa kwenye nyumba ya jamaa. Nilipoingia ukumbini nikataka kulia kwa furaha. Vijana wamejaa mpaka kwenye ngazi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na safu ya mbele alikaa mzee mmoja mnyoofu, fimbo yake magotini, ambaye nilielezwa kwamba alikuwa afisa wa jeshi kabla ya kustaafu.

Nilianza na lile ninalolipenda kuliko yote. Kwamba Waingereza wale walipovuka bahari hawakuona kuwa wameziacha haki zao bandarini. Kwamba nyuma yao kulikuwa na karne nyingi za kumbishia mfalme: mabwana wakubwa waliomlazimisha mfalme mmoja aikubali Hati Kuu, mahakama zenye wazee wa baraza kutoka kwa watu wa kawaida, bunge lililosema mali ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake. Hilal alikuwa akinifasiria. Niliona wanaotutazama wanakunja nyuso. Yule mzee wa mbele akainua mkono kwa heshima, akauliza swali refu. Hilal akalifasiri:

"Anauliza, hiyo katiba atakaa wapi? Sur au bandari ya Duqm?"

Nikasema sijafahamu. Wakasemezana. Akauliza tena, kama wana vifaru. Nyuma yangu nikamsikia Bi Zuwena akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa mwiba.

Ndipo nilipoambiwa kile ambacho ningeambiwa Maskat kama kungekuwa na huruma duniani. Kwa Kiarabu, ukilivuta neno kidogo katikati, katiba ni kikosi cha askari. Ile yetu ya sheria wao wanaiita dustur. Hilal hakuwahi kulisikia neno katiba kwa Kiswahili, na aliyoyasikia kwangu garini, kwamba ni ndogo, kwamba hata rais yuko chini yake, yalimwaminisha zaidi. Alikuwa amewaita vijana wa Sur waje kumsikiliza mwanamke kutoka Unguja anayejua siri za kikosi cha Wamarekani.

Bi Zuwena alisimama. Akamsema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili kilichonyooka, neno kwa neno. "Miaka yote nakwambia uliza neno kabla hujalitumia. Miaka yote. Umenidhalilisha mimi, umemdhalilisha mgeni, na hicho kichwa chako kimejaa hewa."

Wengi hawakufahamu maneno, lakini sauti waliifahamu. Vijana wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakiomba radhi kwa adabu sana, wakichukua viatu vyao. Yule afisa alikuwa wa mwisho. Aliniombea Mungu anisahilishie, nami sikujua kama alimaanisha safari au akili.

Wakabaki wanawake wazee wachache, nami nikaendelea, maana ningefanya nini? Mmoja wao, mwanamke mwenye kanga ya zamani mabegani, akauliza kama hao waliodai haki zao walikuwa na watumwa. Nikasema ndiyo, wengi wao. Waliandika juu ya uhuru, na nje ya dirisha watu waliowanunua walikuwa wakilima. Na ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji waliofukuzwa. Ukumbi ukanyamaza namna ambayo nyinyi mtaifahamu, kwa vile sote tumetoka Unguja na tunajua nyumba zetu zilivyojengwa. Bi Zuwena akaomba kahawa iletwe. Kahawa ikaletwa, na mhadhara ukaishia hapo.

Kurudi nyuma ili kwenda mbele

Mtu mwenye akili angetoka Sur akaenda Nizwa. Sisi tulirudi Ibra kulala, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano na Jumatano kuna soko la wanawake, na Bi Zuwena hawezi kukosa soko la wanawake hata malaika wakishuka. Alinunua ubani, udi, vitambaa, na dawa ya magoti, akibishana na kila muuzaji na kila muuzaji akimpenda. Nilimbebea mizigo nikarudi kwa Hilal, aliyekuwa amekaa garini nje, uso kama mlango uliofungwa. Tangu Sur alikuwa hasemi nasi ila Kiarabu. Nilimwomba anisaidie na mwaliko wa Nizwa, na safari hii tafadhali atumie lile neno la sheria.

Akautuma mbele ya macho yangu. Kwa vijana aliandika Kiarabu, vizuri kabisa. Kwa wazee alitia ujumbe wa sauti, Kiswahili chake pekee tangu Sur: mgeni atasema juu ya dasturi ya Marekani.

Mmeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimechoka.

Kutoka Ibra tulipita njia ya Sinaw, joto likichemka juu ya lami, redio ikiimba. Bi Zuwena aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama vijana wa Nizwa watakuja. Nilimpa tende, akaila polepole, akitazama milima.

Nizwa

Vijana walikuja wachache. Wazee wa kike walikuja wengi, wamejifukiza, wamevaa dhahabu, na mara nilipokaa wakanizunguka. Je, Wamarekani hutoa mahari? Nani hulipa gharama za harusi? Ni kweli bi harusi hatolewi nje wiki nzima, au hiyo ni kwetu tu? Nikamtazama Hilal, akatazama mkeka. Dustur yake imefika masikioni mwao ikiwa desturi, na walikuwa wamekuja kusikia desturi za Wamarekani.

Nilikaribia kupiga kelele. Nilikuwa nimeshalishwa wali mara nyingi, nimeshafundishwa kusema lugha yangu, nimeshageuzwa jasusi wa jeshi, na sasa nimekuwa somo, kungwi wa kufunda maharusi. Nikanywa maji. Na nikiwa bado nina hasira nikaona kwamba wale wanawake walikuwa wamelikamata jambo lenyewe kwa mkono wao.

Basi nikaanza na desturi. Nikawaambia kwamba Waingereza mpaka leo hawana karatasi moja inayoitwa katiba. Wana sheria huku, hukumu kule, na kubwa kuliko yote wana desturi: hivi ndivyo tulivyofanya siku zote. Waliokwenda Marekani waliichukua desturi hiyo pamoja na vyungu vyao. Lakini kule baadhi ya makoloni yalianza kama kampuni za biashara, zenye hati kutoka kwa mfalme inayosema nani atachagua nani na nani ataamua nini. Kampuni moja iliibeba hati yake ikavuka nayo bahari, na mkutano wa wenye hisa ukageuka kuwa bunge la nchi. Watu wakazoea kuuliza, imeandikwa wapi? Kisha bunge la London, ambalo wao hawakuwa na kiti ndani yake, likaanza kuwatoza kodi. Wakalia kwamba desturi ya Kiingereza hairuhusu. London ikawajibu kwamba desturi ni ile tunayoisema sisi. Walipoachana, wakaandika. Na walipoandika, mengi waliyoyaandika yalikuwa yaleyale ya Kiingereza: mabaraza mawili, wazee wa baraza mahakamani, hata maneno ya kukataza adhabu za kikatili.

Hilal alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, kwa Kiswahili, na watu wakageuka kumtazama.

"Hao watu, wao walikuwa hawataki Kiingereza?"

Nikasema la, walikisema, wanakisema mpaka leo.

"Basi walikataa nini?"

"Kuamuliwa mambo yao na wasiowasikiliza."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akamgeukia Ami Khalfan, mkubwa wa ukoo, aliyekaa chini ya dirisha na ambaye ndiye angetoa uamuzi. "Ami, mimi nilisema Alhamisi iwe Kiarabu. Sisi vijana si hatutaki Kiswahili. Mama yetu alituimbia kwa yeye. Lakini mimi nikisema neno moja, bibi anakata. Neno mbili, anakata. Mimi mtu mzima, kazini watu hamsini wananisikiliza, hapa naogopa. Wote tunaogopa. Ndiyo tunatazama simu."

Bi Zuwena alikuwa amekaa wima, mkoba magotini.

"Nisiposahihisha mimi," akasema, "atasahihisha nani? Nyinyi mtakiharibu mpaka kife."

"Tukinyamaza ndiyo atakufa, bibi."

"Kita..." akaanza, akajisikia mwenyewe, akafunga mdomo. Mwanamke mmoja akacheka, akajifunika uso kwa shela. Ami Khalfan hakucheka. Alimuuliza Hilal anataka nini hasa, aseme, iandikwe, kisha tujue.

Ikatafutwa karatasi, haikuonekana, ikachanwa pande la boksi la halwa. Hilal akainama akaandika muda mrefu kuliko sentensi moja inavyostahili. Nikapewa nisome kwa sauti:

"Mtu akisema Alhamisi, hakuna kumkata mpaka yeye amaliza."

Wale vijana wachache wakasema wanakubali. Ami Khalfan akasema kwamba kama Bi Zuwena ataridhia, Alhamisi itabaki Kiswahili, na asiporidhia itakuwa Kiarabu, na habari imekwisha. Lile pande la boksi likapelekwa kwake. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Kidole chake kikapita juu ya maneno, kikafika neno la mwisho, kikasimama. Niliona hasa kile alichokiona. Amalize. Ni herufi moja tu. Kalamu ilikuwa pale pale, mkekani.

Alikaa na ile herufi muda mrefu. Sijui alikuwa wapi wakati ule. Labda skulini kwake, ubaoni, chaki mkononi, wasichana wote wakiwa bado hai.

"Haya," akasema, akairudisha kama ilivyo.

Wakaniuliza kama nina la kumalizia. Nilikuwa nalo, kurasa nzima, na sehemu nzuri ilikuwa bado. Lakini Ami Khalfan akawa ameshasema kwamba sheria mpya lazima ijaribiwe, na aliyeitunga aanze yeye. Hilal akakaa katikati ya mkeka, masikio yamemwiva, akaanza kusimulia siku aliyokwama mchangani Bidiya na mkwewe mtarajiwa akiwa kiti cha nyuma.

"Gari yangu alilala," akasema. "Magurudumu wake anazunguka tu, mchanga anaruka, na huyu mzee nyuma, kilemba wake..."

Nilifumbua mdomo. Sikukusudia, ulifumbuka wenyewe. Bi Zuwena akanifinya paja, kwa nguvu, bila kunitazama. Alikuwa ameinama mbele, macho kwa mjukuu wake.

"Kisha?" akamuuliza.